Nguo Inayoacha Nafasi

Wapo watu wanaodhani kuwa habari za mitindo ya mavazi ni za vijana, za wenye fedha, na za watu wasio na kazi ya maana. Mzee wa miaka sabini na kitu, aliyemaliza umri wake kufundisha na kuongoza shule, anapoketi kuandika juu ya mshona nguo, hapana shaka baadhi yao watatikisa vichwa. Hata hivyo, sijaona kitu kinachomgusa binadamu kila siku ya maisha yake kama nguo. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya mistari ya wanafunzi asubuhi analijua jambo hili vizuri. Mtoto ambaye shati lake limechanika ubavuni hushika daftari lake kwa namna ya kuliziba tundu, na anapoulizwa swali hanyanyui mkono, ingawa jibu analo. Huyo hajashindwa na hesabu. Ameshindwa na shati.

Kwa sababu hiyo napenda kumzungumzia Issey Miyake, mbunifu wa mavazi wa Japani aliyefariki tarehe 5 Agosti 2022 akiwa na umri wa miaka 84. Wengi walimhesabu kuwa mtu wa ajabu, na kweli nguo zake nyingine ukizitazama pichani zimening'inia peke yake, huwezi kujua kichwa kinapita wapi. Lakini ndani ya ajabu hiyo imo fikra moja rahisi: kwamba nguo haijakamilika inapotoka mikononi mwa fundi, na anayeikamilisha ni mvaaji. Nitajaribu kuonyesha kwamba fikra hiyo ni sahihi, kwamba sisi watu wa kanga tuna sababu ya pekee ya kuielewa, na kwamba mahali ilipopungukiwa, upungufu huo nao unatufundisha.

Miyake alizaliwa Hiroshima tarehe 22 Aprili 1938. Alikuwa mtoto wa miaka 7 bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji wake tarehe 6 Agosti 1945, na haikupita miaka mitatu mama yake akafariki kwa madhara ya mionzi. Habari hiyo nitairudia mwishoni, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda itangulizwe. Katika ujana wake alivutiwa na madaraja yaliyo karibu na uwanja wa kumbukumbu ya amani mjini humo, ambayo kingo zake zilibuniwa na mchongaji Isamu Noguchi. Mji ulikuwa umeteketea, na hapo mtu akaja akafikiria namna ya kutengeneza ukingo wa daraja uwe mzuri machoni. Kijana yule akaelewa kwamba kitu kilichobuniwa kwa uangalifu kinaweza kumtia moyo mtu anayepita njia.

Alisomea uchoraji wa matangazo na vitabu katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tama, Tokyo. Mwaka 1960, akiwa bado mwanafunzi, ulifanyika Tokyo mkutano wa dunia wa wabunifu wa majengo, samani, mashine na vyombo. Miyake aliwaandikia waandaaji barua akiuliza kwa nini mavazi hayakuwekwa miongoni mwa mambo ya kujadiliwa. Mimi kama mwalimu hulipenda sana swali hilo. Ikiwa kiti ambacho mtu hukikalia saa mbili kinastahili kufikiriwa na wasomi, kwa nini shati analoshinda nalo kutwa nzima lisistahili?

Mwaka 1965 alikwenda Paris, akajifunza ushonaji wa daraja la juu, kisha akafanya kazi kwa Guy Laroche na kwa Hubert de Givenchy. Huko gauni moja lilipimwa, likakatwa na kushonwa kwa ajili ya mwanamke mmoja tu mwenye uwezo. Ilipofika Mei 1968, wanafunzi na wafanyakazi wa Ufaransa walifurika mitaani, naye Miyake alikuwepo na kuyaona. Baadaye alieleza kwamba siku zile zilimbadilisha: kushonea watu wachache haikuwa kazi aliyoitaka. Alitaka kutengeneza nguo za watu wengi, zilizo za kawaida kama jinzi na fulana. Alipitia New York, kwa Geoffrey Beene, kisha akarudi kwao, na mwaka 1970 akafungua ofisi yake ya ubunifu mjini Tokyo.

Ili tuelewe alichofanya, hebu tulinganishe njia mbili za kutengeneza nguo. Fundi wa Kizungu hukata kitambaa vipande vingi vyenye mapindo, akifuata mwili anaoudhania: hapa bega, hapa kwapa, hapa kifua, hapa kiuno. Kisha huviunganisha. Koti lake likikamilika huwa tayari lina umbo la mtu, hata kama hamna mtu ndani. Mvaaji akiwa mnene au mwembamba kuliko mtu yule aliyefikiriwa, anayeonekana kuwa na kasoro ni yeye. Koti halilaumiwi.

Kimono ya Kijapani hutoka upande mwingine kabisa. Kitambaa chake hufumwa chembamba, upana wa kiasi cha sentimita 36, nacho hukatwa kwa mistari iliyonyooka bila kutupa kitu. Ukiifumua, vipande unaweza kuvipanga tena vikawa kama kitambaa cha mwanzo. Nguo haina kifua wala kiuno mpaka mtu aivae. Kati ya kitambaa na mwili hubaki nafasi, na nafasi hiyo kwa Wajapani ni sehemu ya nguo. Miyake aliichukua fikra hii akaiita kipande cha nguo: kitambaa kimoja, na mwili mmoja unaokipa umbo. Hakushona kimono, wala hakuwa mtu wa kurudisha mambo ya kale. Alilochukua ni kanuni, akaitia katika karatasi, mianzi, plastiki, pamba na nyuzi za viwandani.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kueleweshwa sana hapa. Kanga ni kipande cha nguo cha urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa mita moja, chenye pindo, mji na jina. Inauzwa doti; unakata katikati, unapinda ncha, kazi ya fundi imekwisha. Yaliyobaki ni yako. Mama yangu alikuwa na doti zisizozidi sita, na kwa hizo alijifunga, alijitanda, alibeba watoto mgongoni, alifanya kata ya kuwekea ndoo, alifunika maandazi, na alikwenda harusini na msibani. Kanga ile ile kiunoni mwake ilikuwa nguo ya kazi, na kichwani ikawa heshima. Hapana mchapaji aliyeyapanga mambo hayo yote. Yeye aliacha nafasi, na mama akaijaza.

Tena upo uhusiano mwingine kati ya Japani na kabati la mama, nao ni wa kweli kabisa. Katika miaka ya 1950, kanga nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zilichapishwa Japani kwa oda za wafanyabiashara wa huku kwetu. Maneno ya Kiswahili ya mafumbo, ya mahaba na ya kusutana yalipita chini ya mikono ya wafanyakazi ambao bila shaka wengi wao hawakuelewa hata neno moja. Wakati kijana Miyake anakua katika nchi iliyokuwa inajijenga upya baada ya vita, viwanda vya nchi hiyo hiyo vilikuwa vinawachapia mama zetu vipande vya nguo.

Nasema haya kwa tahadhari. Ipo tabia ya kusikia jambo zuri la watu wengine na kusema haraka, "Hilo sisi tulikuwa nalo." Sina ushahidi wowote kwamba Miyake alijifunza kwa kanga, na wala haihitajiki. Watu mbalimbali waliokaa na kitambaa kwa muda mrefu wamefikia busara inayofanana: sari ya Wahindi, kikoi na msuli, shuka la Wamasai. Sifa ya Miyake ni kwamba aliliona jambo hilo katikati ya zama za viwanda, wakati dunia nzima ilikwisha kuamini kuwa maendeleo ni suti, akauliza kama mashine zenyewe haziwezi kutumikia kipande cha nguo.

Jibu lake lililo maarufu zaidi ni marinda. Tangu mwaka 1988 alifanya majaribio, na mwaka 1993 alitoa nguo alizoziita Pleats Please. Kwa kawaida fundi hukunja kitambaa marinda kwanza, ndipo akakata na kushona. Miyake aligeuza utaratibu. Nguo ilikatwa na kushonwa kwanza, kubwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya ukubwa uliokusudiwa, kisha ikalazwa kati ya karatasi na kupitishwa katika mashine yenye joto na mgandamizo. Ilitoka ndogo, imejaa marinda membamba yasiyofumuka. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa poliesta, joto lilikifanya kikumbuke mikunjo yake daima. Nguo hiyo hufuliwa, hukauka upesi, haihitaji pasi, na husokotwa kama mkeka mdogo ikaingia mkobani. Zaidi ya yote, marinda hupanuka na kurudi, kwa hiyo humkaa mnene na mwembamba, kijana na mzee, bila kumwaibisha yeyote.

Wanawake waliosoma katika shule za bweni watatabasamu wakisoma habari hizi. Sketi ya marinda ilikuwa mateso ya Jumapili jioni. Palikuwa na pasi ya mkaa moja kwa bweni zima, kitambaa kibichi cha kuwekea juu, na cheche moja ikiruka sketi imekwisha. Wajanja walipanga marinda moja moja, wakailaza sketi chini ya godoro, wakailalia usiku kucha. Mzigo wa mwili wa msichana ndio uliokuwa mashine yao.

Nguo ya Miyake yenyewe niliishika mara moja tu, katikati ya miaka ya 1990. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani, dada aliyefundisha hisabati, alikuwa na blauzi ya rangi ya kijani iliyotoka kwa mbunifu huyo, zawadi ya mama yake. Aliifua asubuhi, akaianika kwenye kamba iliyofungwa kati ya miembe miwili, na kabla ya kengele ya mapumziko ilikuwa kavu, marinda yake yamesimama. Mkufunzi wetu wa sayansikimu, mama mwenye jicho kali kwa mshono, aliigeuza ndani nje akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, aliyetengeneza hii anamwonea huruma anayefua." Nimesoma maandishi kadhaa ya watu wakubwa juu ya Miyake, na sioni aliyesema vizuri zaidi. Huruma kwa anayefua, anayepiga pasi, anayenenepa, anayezeeka: hiyo ndiyo falsafa yenyewe, imetolewa vitabuni ikawekwa kwenye kamba ya nguo.

Aliamini kwa vitendo kwamba mvaaji ana sauti. Mwaka 1991 alipowavisha wacheza dansi wa kundi la William Forsythe la Frankfurt, hakumpa kila mmoja vazi lake la kudumu. Aliwapa nguo nyingi za marinda, wao wakachagua, na usiku hata usiku jukwaa likawa tofauti. Kati ya 1986 na 1999 alimpelekea mpiga picha Mmarekani Irving Penn nguo zake, wala hakwenda studio kumwelekeza azipige vipi. Wabunifu wengi wangeona ni hatari kubwa kuiacha kazi yao mikononi mwa mwingine kiasi hicho. Miyake alitaka kuona jicho la mwenzake limekuta nini ambacho lake halikukiona. Mwalimu mzuri naye huandaa somo hivyo: huliandaa kikamilifu, lakini huacha mahali ambapo mwanafunzi ataingiza lake. Somo lisilo na mahali hapo huwa hotuba.

Sasa nifikie jambo linalonigusa zaidi, nalo ni swali la nani mwenye haki ya kuuamulia mwili wa mtu avae nini. Mwaka ule ule wa 1968, Miyake alipokuwa anashuhudia ghasia za Paris, hapa kwetu Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Yalifuata makundi ya vijana kuwasumbua wasichana katika vituo vya mabasi kwa jina la kulinda utamaduni. Katika miaka hiyo hiyo ilikuwepo kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega wavae suruali, kwa kuwa lubega lilihesabiwa kuwa dalili ya kubaki nyuma. Nisomapo habari hizi sambamba na maisha ya Miyake, hustaajabu. Sisi tuliona aibu kwa sababu ya mtu aliyejitanda kipande kimoja cha nguo, na miaka miwili baadaye mtu wa Tokyo alianza kuujengea ubunifu wa dunia juu ya kipande kimoja cha nguo.

Msomaji asinielewe vibaya. Sikatai sare wala staha. Sare ya shule ilikuwa, na bado ni, ukuta mwembamba kati ya mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini, na nimeitetea mbele ya wazazi wengi. Miyake naye hakuichukia sare. Alibuni ya wafanyakazi wa kampuni ya Sony: koti la nailoni ambalo mikono yake hufunguliwa likawa kizibao. Mwenyekiti wa Sony, Akio Morita, alimweleza Mmarekani Steve Jobs kwamba baada ya vita watu hawakuwa na nguo, ndipo kampuni zikaanza kuwapa wafanyakazi wao cha kuvaa, na baadaye sare ikawa kifungo cha umoja. Jobs akavutiwa, akataka sare kama hiyo kwa kampuni yake ya Apple, lakini wafanyakazi wake waliposikia walimzomea. Akaishia kuomba sare yake peke yake, na Miyake akamtengenezea fulana nyeusi za shingo ndefu zipatazo mia moja, ambazo dunia ilimjua nazo mpaka alipofariki mwaka 2011. Hadithi hiyo ina mafunzo. Sare iliyotokana na shida ya pamoja hupokelewa kwa moyo. Sare iliyotokana na pendekezo la bosi huzomewa.

Mfano mwingine ni wa Lithuania. Nchi hiyo ndogo ilipojitoa katika Muungano wa Kisovieti na kwenda kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 kwa bendera yake, Miyake ndiye aliyewabunia wanamichezo wake mavazi ya sherehe, yenye marinda. Taifa lililokuwa linajitafuta lilihitaji nguo ya kusimama nayo mbele ya watu. Sisi tuliojadili vazi la taifa mara kwa mara kwa miaka mingi bila kupatana tunaweza kuielewa haja hiyo. Pengine tatizo letu ni kwamba kila mara tunatafuta vazi lililokwisha kushonwa, lenye kola na vifungo vyake, ambalo wote tuingie ndani yake. Huenda tungefika mbali zaidi kwa kutafuta kitambaa.

Katika ufundi wa sare zetu pia ipo busara ya kuacha nafasi, ingawa haikuandikwa popote. Fundi mwema wa mtaani, akiletewa mtoto wa darasa la kwanza, huacha pindo pana ndani ya sketi au kaptula. Mwaka wa pili mama hufumua pindo kidogo, mwaka wa tatu tena, na mistari ya mapindo ya zamani hubaki inaonekana kama alama za maji ukutani baada ya mafuriko. Fundi mchoyo huokoa kitambaa kile kwa faida yake, na mtoto kufika mwaka wa pili amebanwa, au ameacha kuja shule kwa kuona haya. Tofauti kati ya mafundi hao wawili ni vidole vinne vya kaki. Mmoja amemfikiria mtoto jinsi alivyo leo. Mwingine amemfikiria mtoto atakayekuwa.

Baada ya sifa, haki inadai niseme na upungufu.

Kwanza ni bei. Mtu aliyetaka kutengeneza nguo za kawaida kama fulana aliacha nyuma yake nguo zinazouzwa kwa mamia ya dola gauni moja, na nyingine ziko katika makumbusho, ndani ya vioo, ambako hakuna mvaaji wa kuzikamilisha. Watetezi wake husema kwamba nguo hizo hudumu miaka mingi. Ni kweli, lakini jibu hilo humfaa mwenye fedha za kununua leo kitu cha kudumu miaka ishirini. Maskini hununua kidogo kidogo, na ndivyo anavyolipa zaidi. Aliyeondoka Paris kwa sababu ya nguo za watu wachache hakufanikiwa kuwatoroka kabisa watu hao wachache. Wao ndio waliomfuata.

Pili ni poliesta. Uzi huo ndio uliomwezesha kufanya marinda yasiyokufa, lakini kitu kisichokufa kina gharama yake. Kanga ya pamba ikichakaa huwa nepi, kisha tambara la jikoni, kisha huoza ikawa udongo. Poliesta haiozi. Miyake mwenyewe aliliona tatizo hili uzeeni, na mwaka 2010 yeye na vijana wa ofisi yake walitoa nguo zilizokunjwa bapa kama karatasi, zikiinuliwa zinakuwa gauni, ambazo kitambaa chake kilitokana na plastiki iliyotumika tena. Nampa heshima kwa kulitafutia tatizo lake dawa mwenyewe, ingawa plastiki iliyotumika mara mbili bado ni plastiki.

Tatu, na hili ndilo la ndani zaidi, ni mpaka wa uhuru aliotoa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na Dai Fujiwara, alibuni kitambaa kilichotoka mashineni kama mfuko mrefu, ndani yake michoro ya nguo imekwisha kufumwa. Mnunuzi huchukua mkasi, akakata kwa kufuata mistari, akapata gauni, soksi na kofia bila kushona, na nyuzi hazifumuki. Ni kazi ya akili nyingi sana. Walakini tukiitazama vizuri, mistari ni ya mbunifu. Mvaaji anaweza kuchagua mkono mrefu au mfupi, lakini hawezi kuchagua kitu ambacho Miyake hakukifikiria kabla yake. Kanga haina mstari wa kukata. Zaidi ya hayo, kanga ina jina: inamwezesha mwanamke kusema hadharani neno ambalo mdomo wake hauruhusiwi kulisema. Nguo za Miyake zinampa mwili nafasi ya kutembea, lakini hazisemi.

Hata hivyo, nisiipambe kanga kupita kiasi. Uhuru wa kanga si wa bure, ni ujuzi. Mama alijua mafundo na mitando ambayo bibi alimfundisha kwa mikono, na ujuzi huo unapotea. Nimewaona wasichana wenye elimu nzuri ambao wakipewa kanga hawajui waanzie wapi, mpaka wapelekewe kwa fundi akawashonee gauni. Kipande cha nguo kilicho huru mikononi mwa asiyejua kujifunga ni kitambaa tu. Basi tunaposifu nguo zinazomwachia mvaaji nafasi, tukumbuke kuwa nafasi hiyo mtu hufundishwa kuijaza, na asipofundishwa ataijaza kwa kile alichoonyeshwa dukani.

Sasa niirudie Hiroshima, kama nilivyoahidi. Kwa zaidi ya miaka sitini Miyake alikwepa kuzungumzia hadharani yaliyompata utotoni. Hakutaka kuitwa mbunifu aliyenusurika na bomu, wala hakutaka nguo zake zinunuliwe kwa huruma. Mwaka 2009 ndipo alipoandika katika gazeti la New York Times, si kwa kujitangaza, bali kumhimiza Rais Obama aizuru Hiroshima na kuendeleza juhudi za dunia isiyo na silaha za nyuklia. Alieleza humo kwamba alichagua kufikiria vitu vinavyoweza kuumbwa kuliko vile vinavyoweza kuharibiwa, vitu vinavyoleta uzuri na furaha. Obama alifika Hiroshima mwaka 2016. Miyake alifariki siku moja kabla ya kumbukumbu ya miaka 77 ya bomu lile.

Nikijua hayo, siwezi tena kuziona nguo zake kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Bomu ndiyo nguvu isiyomwachia mtu hata chembe ya uamuzi juu ya mwili wake. Mtoto aliyeliona akakua, na kazi yake yote ikawa kutengeneza vitu vinavyongojea mwili, vinavyoufuata ukinyanyuka na kuutii ukikaa. Wahenga wetu walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti. Uzuri wa Miyake una kinyume chake: ukiutazama juu juu unaweza kuuona ni kitambaa kilichokunjamana, lakini ndani yake unamkuta binadamu, naye yuko huru kujongea.

Hukumu yangu basi ni hii. Alikosea bei, na nusu ya nyenzo zake zina kasoro, lakini swali lake lilikuwa sahihi, na ni swali ambalo kila mtu anayewatengenezea wengine kitu hana budi kujiuliza: je, nimeacha nafasi? Wizara inayochagua sare ijiulize, fundi wa mtaani ajiulize, na mzazi anayemnunulia binti yake nguo ya Idi au ya Krismasi ajiulize pia. Walimu wa sayansikimu nao, badala ya kuanza somo la mavazi kwa cherehani, wangefanya vizuri kuanza kwa kanga moja isiyoshonwa, wakawaachia wanafunzi saa nzima wajifunge kila mmoja kwa namna yake.

Ninavyowajua watoto, saa hiyo haitawatosha.